Ruzuku kwa vikundi vya watu wenye ulemavu: tulivyokosa mara mbili na tulivyopata

Dada uliyeuliza kutoka Singida, habari za kazi. Nimesoma swali lako mara mbili, kwamba mko watu 12 wenye ulemavu tofauti tofauti, mna kikundi cha kufa na kuzikana kina miaka mitatu, sasa mnataka ruzuku ya mradi wa kushona na kufuga kuku na hujui uanzie wapi. Nakujibu kwa yale niliyoyapitia mwenyewe maana mimi natembea na magongo tangu nina miaka minne na ni katibu wa kikundi kama hicho chenu hapa Morogoro, mwaka wa saba sasa.

Kwanza kabisa usianze kutafuta orodha ya wafadhili. Najua ndicho ulichokiomba, na nitakutajia wachache huko chini, lakini sisi tulianza na orodha tukapoteza mwaka mzima. Tulichanga laki tatu tukampa jamaa mmoja anayejiita mtaalamu wa maandiko ya miradi, akatuandikia kurasa 28 za Kiingereza kizuri kweli kweli, tukatuma kwa mfadhili. Baada ya miezi miwili wakatupigia simu, wakaomba kuongea na mwenyekiti mwenyewe sio aliyeandika, wakamuuliza kwa Kiswahili tu: huo mradi unaosema utafikia watu 400 hao 400 mmewapata wapi? Mwenyekiti akabaki kimya kwa sababu hiyo namba alikuwa hajawahi kuisikia. Ikaishia hapo. Na walikuwa na haki yao, nisingewapa hela na mimi.

Kwa hiyo andikeni wenyewe, hata kwa Kiswahili kwanza, mkae chini ya mwembe mseme tunataka nini, nani atafanya, cherehani ngapi, nani anajua kushona tayari na nani atamfundisha mwenzake. Mtu wa kutafsiri atapatikana baadaye, mwalimu wa sekondari anaweza kuwasaidia kwa soda.

Jambo la pili ndilo kubwa kuliko yote: wafadhili wengi wa masuala ya ulemavu wanaangalia nani ameshika kikundi. Sio nani atasaidiwa, nani anaongoza. Andiko letu la pili lilikataliwa kwa hilo tu, maana kwenye kamati ya watu saba mwenye ulemavu nilikuwa mimi peke yangu, wengine walikuwa ndugu na watu wenye roho nzuri, mchungaji, diwani mstaafu na wengine. Tulidhani watu wenye vyeo watatupa heshima. Taasisi ya Abilis ya Finland kwa mfano ilianzishwa 1998 na watu wenye ulemavu wenyewe, mmoja wao Kalle Könkkölä aliingia bungeni kwao akiwa anatumia kiti cha magurudumu, na kazi yao ni kutoa ruzuku ndogo kwa vikundi vinavyoendeshwa na watu wenye ulemavu katika nchi kama zetu. Ukiwapelekea katiba ambayo mwenyekiti, katibu na mhazini wote hawana ulemavu unategemea nini? Kama mna watoto au wenye ulemavu wa akili basi wazazi wao wanaingia kwenye uongozi, hilo linaeleweka, ila nyie mko 12 watu wazima, shikeni viti vyote.

Sisi tulirudi tukabadilisha katiba. Mhazini akawa mama mmoja asiyeona, ana akili ya hesabu sijaona mfano wake, anakumbuka mchango wa kila mtu tangu tuanze. Tukaenda kufungua akaunti, benki (siitaji jina) wakakataa wakasema mtu asiyeona hawezi kuwa mtia saini, eti aweke mtoto wake. Mama alilia pale pale kwenye foleni. Tulirudi siku ya pili na afisa maendeleo ya jamii wa kata pamoja na nakala ya Sheria ya Watu wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010, tukaomba kuonana na meneja, tukakaa mpaka saa nane mchana na ikakubaliwa kwa dole gumba na shahidi. Nakwambia haya ili ujue itachukua siku nyingi na nauli, wekeni nauli hiyo pembeni mapema.

Makaratasi ni haya: katiba, muhtasari wa vikao wenye saini, orodha ya wanachama, cheti cha usajili wa kikundi kutoka halmashauri, akaunti ya benki yenye watia saini watatu, na daftari la hesabu hata kama hesabu yenyewe ni michango ya elfu mbili mbili. Hilo daftari lenu la kufa na kuzikana la miaka mitatu ni dhahabu dada, msilitupe wala msilinakili upya liwe safi, lipelekeni hivyo hivyo na madoa yake ya chai. Mkiona mnakua mnaweza kwenda kusajili NGO wizarani, lakini hapo majukumu yanaongezeka, ripoti kila mwaka, na mkataba wa ufadhili unaozidi milioni 20 mnaupeleka kwa msajili wa NGO na Hazina ya serikali ndani ya siku 10 baada ya kusaini. Kwa watu 12 na cherehani kaeni kwanza na usajili wa halmashauri.

Sasa mnaomba wapi. Mlango wa karibu ni halmashauri yenu, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa vikundi, wanawake 4 vijana 4 na sisi wenye ulemavu 2. Hiyo sio ruzuku, ni mkopo, ila hauna riba, ulisimama 2023 na ukarudi 2024. Wengi wetu tunaogopa mkopo na sikulaumu, lakini kikundi kilichokopa kikarejesha kinaaminika sana kwa mfadhili atakayekuja baadaye, sisi milioni tatu na nusu tulizorejesha ndizo zilizotufungulia njia. Halafu kuna Foundation for Civil Society pale Dar, shirika linalotoa ruzuku kwa asasi za kiraia, wanatangaza wanapokuwa na dirisha la ruzuku. Ubalozi wa Kanada una mfuko wake wa miradi midogo ya wenyeji, hufunguliwa mara moja kwa mwaka na muda wa kuomba ni mfupi kwa hiyo andiko liwe tayari kabla. Japani wana ruzuku ya ngazi ya chini kabisa ya jamii lakini hiyo ni ya majengo na vifaa, haitoi mishahara wala posho, ukiomba darasa au vyoo vyenye njia ya mteremko sawa, kuku hapana. Na ongeeni na SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, pamoja na vyama vyake vya mkoani kwenu, CHAVITA kwa viziwi, TLB kwa wasioona, maana mara nyingi hela inapita kwao na taarifa wanapata mapema. Ila mjue hali imekuwa ngumu, tangu Marekani wasitishe misaada Januari 2025 na USAID kufungwa mwaka huo huo mashirika makubwa nayo yanagombea hivi hivi vifuko vidogo tulivyokuwa tunaomba sisi.

Na mtu yeyote akikwambia lipa ada kidogo ruzuku itoke, huyo tapeli. Mfadhili wa kweli hakuombi hela. Kikundi cha jirani zetu kililipa laki nane kwa simu.

Kwenye bajeti sasa naomba unisikilize kwa makini maana hapa ndipo tulipoumizana wenyewe kwa wenyewe. Ruzuku ya kwanza tuliyopata tulitaka bajeti ionekane ndogo ili watukubali, tukakata mkalimani wa lugha ya alama. Mafunzo yalikuwa siku tatu. Tuna wanachama wanne viziwi, walikaa siku zote tatu wanaangalia midomo, siku ya mwisho wakapiga picha ya pamoja wakatabasamu, na baada ya hapo hawakurudi, wawili mpaka leo hawajarudi. Kikundi cha wenye ulemavu kiliwaacha wenye ulemavu nje, tena kikiwa na hela mkononi! Mimi ndiye niliyekata huo mstari kwa kalamu yangu na bado linanikaa kooni.

Kwa hiyo andikeni: mkalimani wa lugha ya alama kwa kila siku ya mafunzo (wawili kama ni kutwa nzima, mmoja mikono inachoka), nauli ya msaidizi wa asiyeona, bodaboda au bajaji kwa wasioweza kutembea, maandishi ya nukta nundu au makubwa, mafuta ya ngozi na kofia kwa wenye ualbino kama kazi ni ya juani kama hiyo ya kuku. Mfadhili anayejua ulemavu hashangai kuona hayo, anashangaa asipoyaona. Kwetu yalifika karibu robo ya bajeti yote mwaka wa pili na hakuna aliyehoji.

Umeuliza pia kama mchanganye kuku na cherehani. Mimi ningechagua kimoja kwanza, na ningechagua cherehani kwa sababu kuku wakifa kwa kideri ripoti itakuwa ya msiba. Lakini nyie ndio mnajua nani ana mikono ya nini. Katiba yetu nitaipiga picha kesho nikitoka kibandani niiweke hapa, kifungu cha uongozi ndicho mkisome zaidi, kingine badilisheni mnavyotaka.