Picha za chakula cha nyumbani: mtindo huanzia kwenye kivuli

Zifungue picha zako ishirini za mwisho za chakula kwenye skrini moja, zikiwa ndogo ndogo, kisha tazama kitu kimoja tu: kivuli kimeangukia wapi? Kwa wengi wetu kimeangukia popote. Pilau ya Ijumaa ina kivuli kulia, vitumbua vina kivuli mviringo chini yake kwa sababu taa ya dari ilikuwa inawaka, na samaki hana kivuli kabisa maana flashi imemmulika usoni. Ukiwa katika hali hiyo, sahani mpya hazitakusaidia, wala filta.

Mtindo ni maamuzi machache unayoyarudia. La kwanza, na zito kuliko yote, ni mwanga unatokea upande gani na kivuli chako ni kizito kiasi gani. Sahani, vitambaa na rangi vinakuja baada ya hapo.

Anza kwa kuchagua dirisha. Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa Ulaya na Marekani, na hushauri dirisha linalotazama kaskazini kwa kuwa huko jua la mchana hukaa kusini mwaka mzima. Kwetu mambo ni tofauti. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na dirisha tulivu ni la kusini. Miezi iliyobaki hali hugeuka. Nairobi mgeuko huo huangukia karibu na katikati ya Machi na mwisho wa Septemba. Kama madirisha yako yanatazama mashariki na magharibi, la magharibi ni zuri asubuhi, la mashariki ni zuri alasiri. Unachokwepa ni jua lenyewe kuingia mezani. Unataka mwanga wa anga.

Halafu kuna nyavu na nondo. Nyavu za mbu hupunguza mwanga, na zikiwa na vumbi picha nzima hupoteza ung'avu na kuvuta kwenye ukahawia, kwa hiyo zipanguse kwanza, au fungua kioo na nyavu kama zinafunguka. Nondo hazina shida mpaka jua lizipige moja kwa moja. Hapo hutupa mistari juu ya wali, na mistari hiyo haiondoki kwenye kuhariri. Tundika shuka jeupe la pamba lisilo na maua, mwanga utalainika.

Weka meza sentimita 60 hadi 80 kutoka dirishani. Ukisogea karibu zaidi, upande wa mbali wa sahani hutumbukia gizani haraka. Ukirudi nyuma mita mbili, mwanga unasawazika na chakula kinalala bapa. Mwanga utoke ubavuni, au nyuma kidogo ya sahani kwa pembeni. Usiupokee kutoka mgongoni mwako, maana utafuta umbo la kila kitu na wewe mwenyewe utaziba dirisha. Zima taa zote za chumba. Balbu ya kawaida ya njano ipo karibu na Kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 hadi 3000, mwanga wa mchana upo 5500 au zaidi, na vikichanganyika nusu ya sahani huwa njano na nusu buluu. Ukirekebisha upande mmoja, wa pili unaharibika. Angalia na kuta pia: jiko lililopakwa kijani hurudisha kijani kwenye upande wa kivuli, na ugali ndio unaoonyesha kwanza.

Sasa kivuli. Chemsha yai moja, usilimenye, liweke kwenye sahani mahali ambapo chakula kitakaa. Piga picha ya kwanza bila kitu. Ya pili, simamisha karatasi nyeupe ya manila upande wa yai ulio mbali na dirisha, sentimita 20 kutoka kwenye yai. Ya tatu, irudishe hadi sentimita 50. Ya nne, ondoa manila uweke kitambaa cheusi kisichong'aa. Ziweke zote nne pamoja. Kwenye ya pili kivuli kimefunguka na yai linaonekana jepesi, la asubuhi. Kwenye ya nne ubavu mmoja umezama na yai limekuwa na uzito. Chagua moja kati ya hizo nne na ukae nayo kwa miezi. Anayepika vyakula vya kukaanga na vya nazi ninamshauri manila kwenye sentimita 50, kwa sababu kivuli kizito sana hugeuza mchuzi wa nazi kuwa kijivu. Anayeoka mikate ya kumimina na keki anaweza kwenda na cheusi bila wasiwasi.

Ukishapata mahali, bandika utepe: kipande sakafuni kwa miguu ya meza, kipande mezani kwa sahani, kingine kwa manila.

Kamera haijui chakula. Kila inachokiona hujaribu kukipeleka kwenye ung'avu wa wastani, na hapo ndipo vyakula vyetu vyeupe vinapopata taabu. Sahani nyeupe yenye wali juu ya kitambaa cheupe: kamera inaona nyeupe imezidi, inapunguza, wali unatoka kijivu. Ongeza mwangaza kwa +0.7 hivi kwenye kipimo cha mwangaza cha kamera (EV). Ugali mmoja juu ya ubao mweusi: kamera inaona giza limezidi, inaongeza, na ugali unapauka hadi kuwa doa jeupe lisilo na alama ya mwiko. Punguza kwa -0.7, mara nyingine -1. Kwenye simu, gusa chakula na ushikilie mpaka fokasi na mwangaza vifungwe, kisha telezesha kidole juu au chini. Doa lililokwisha kupauka halirudi kwa programu yoyote, kwa hiyo ukiwa na shaka, bakiza picha ikiwa na giza kidogo.

Kuhusu lenzi ni rahisi. Lenzi pana ya simu ukiisogeza karibu huvimbisha ukingo wa mbele wa sahani, na bakuli linaonekana limeinama. Tumia 2x na urudi nyuma. Mwenye kamera, lenzi ya milimita 50 inatosha kabisa, ila usiipigie kwenye f/1.8 (tundu la lenzi likiwa wazi sana) kwa sababu tu inafika huko: kipande kimoja cha bamia kitakuwa wazi na mengine yote ukungu. Anzia f/4 hadi f/5.6, na kasi ya shata ikishuka chini ya 1/60 ya sekunde weka kamera kwenye stendi.

Pembe inategemea kimo cha chakula. Sinia la biriani, urojo, na meza yenye vitu vingi hupigwa kutoka juu kabisa, nyuzi 90, simu ikiwa imelala sawasawa, maana ikiinama kidogo tu sinia linakuwa yai. Chapati zilizopangwa na vitumbua hutaka nyuzi 15 hadi 25, mwanga ukitoka nyuma, ili tabaka na matundu yaonekane. Chakula cha bakuli hukaa vizuri karibu na 45. Hutakiwi kuwa na pembe moja tu, lakini mbili zinatosha. Anayetumia tano mtindo wake hautulii.

Chakula chetu kina kahawia nyingi: pilau, maharage, nyama ya kukaanga, mchuzi. Ukikiweka juu ya mbao za kahawia kimepotea. Kahawia na manjano huamka juu ya buluu iliyofifia, kijivu, au kijani cha majivu. Usuli wa namna hiyo unautengeneza mwenyewe: plaiwudi ya sentimita 60 kwa 90, isugue kwa msasa, paka rangi ya maji ya ukutani mara mbili, ikikauka chovya sponji kwenye rangi ya pili iliyokaribiana na ya kwanza na uguse guse bila mpangilio. Usitumie rangi ya mafuta. Inang'aa, na dirisha lote litaonekana humo kama doa jeupe. Tengeneza mbao mbili, moja ya giza na moja ya mwanga, basi.

Kanga ni mtihani. Rangi zake ni kali kuliko chakula, na ikionekana maandishi yake msomaji ataanza kusoma jina la kanga kabla hajamwona samaki. Ikunje, uache pindo lichungulie kwenye kona moja tu. Mkeka na ungo vina subira zaidi, kwa sababu rangi yake imetulia.

Sahani ziwe ndogo kuliko unavyodhani, sentimita 20 hadi 22, zisizong'aa. Ya sentimita 28 inataka chakula cha watu wawili ili isionekane tupu. Sahani za bati zenye ukingo wa buluu zinapendeza, lakini melamini mpya inarudisha mwanga vibaya. Wala usiogope kurudia chombo kilekile. Pieter Claesz, mchoraji wa Haarlem, Uholanzi, wa karne ya 17 aliyechora meza za vyakula, alirudia glasi na sahani za aina moja kwenye kazi nyingi, katika rangi chache za kahawia na kijivu, na ndiyo maana hata asiyejua sanaa akiona mbili anajua ni za mkono mmoja.

Chakula chenyewe kina muda wake. Mchicha hufifia ukikaa kwenye moto, hivyo toa kiganja kimoja mapema, uzamishe kwenye maji baridi, kisha uuweke juu wakati wa kupakua. Mchuzi wa nazi huota utando ukipoa: koroga na umwage kijiko kimoja cha mchuzi moto juu dakika ya mwisho. Samaki wa kupaka akikauka, mpake tone la mafuta kwa brashi. Mvuke hauonekani mpaka mwanga utoke nyuma na usuli uwe wa giza, na unaisha haraka sana, kwa hiyo panga kila kitu kwa sahani tupu kwanza. Gundi na sabuni wanazotumia wapigaji wa matangazo ziachie matangazo, hiki kitaliwa.

Futari huiva jua likizama, na wengi hupika usiku mwaka mzima. Nunua taa moja ya LED ya 5500K ambayo boksi lake linaonyesha CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi) 95 au zaidi (taa yenye CRI ndogo hufanya nyanya na nyama zionekane zimechina), iweke upande uleule wa dirisha, nyuma ya shuka lilelile. Picha ya usiku itakaa jirani na ya mchana bila kugombana.

Kuhariri kuwe kufupi. Rekebisha weupe kwa kutazama kitu unachojua ni cheupe, shusha sehemu angavu kama -20, vivuli +10. Bizari huwaka kupita kiasi kwenye simu nyingi, kwa hiyo punguza ukolezi wa manjano -10 hadi -15 bila kugusa nyekundu. Ukali wa maumbo usipite +15, nyama itaonekana kavu na mchuzi mchafu. Hifadhi mpangilio huo ndani ya programu ya kuhariri kama Lightroom, uutumie kwenye kila picha kabla ya marekebisho madogo.

Utafika wakati utachoka na muonekano wako. Badili kitu kimoja, kwa mfano usuli, na mwanga uuache ulipo kwa picha kumi zinazofuata. Ukibadili mwanga, sahani na uhariri siku moja, hutajua ni kipi kilichoboresha na kipi kilichoharibu.