Kwa wainjilisti wapya: mkifika msibani, kaeni chini kwanza

Wadogo zangu, Jumamosi nilikuwa chini ya turubai nikamsikia mmoja wenu akimwambia mjane, "Mama usilie, ni mapenzi ya Mungu." Mwili wa marehemu ulikuwa bado haujaletwa kutoka mochwari. Nawapenda, lakini hili tumelisema darasani, tukalirudia kwenye semina, na bado!

1. Ingia, vua viatu, kaa mkekani, toa pole, nyamaza. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe anawakemea.

2. Ibada ya jioni iwe fupi. Wafiwa hawajalala tangu juzi.

3. Msimsomee mfiwa "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Hapa nina la kuungama. Mwaka wangu wa pili kazini nilitumwa kwa mama aliyefiwa na mtoto wa miaka minne, kwa homa ya siku mbili. Njia nzima nilikuwa nikiufanyia mazoezi mstari huo. Nikausoma kwa sauti ya madhabahuni, wanajumuiya wakaitikia Amina. Mama alikuwa anakunja sare ya chekechea, anaikunjua, anaikunja tena. Akaniuliza taratibu, "Mwinjilisti, alimtwaa wa nini?" Sikuwa na jibu, na badala ya kunyamaza nikaongeza. Nikasema Mungu huchuma maua mazuri. Nikasema umri bado unamruhusu, atapata mwingine. Bibi wa mtoto akainuka, akanishika bega: "Baba, njoo huku nje unywe chai." Miaka mitatu baada ya hapo, ibada ikiisha, yule mama alinipita mlangoni bila kunipa mkono, na alikuwa na haki.

Usiku ule nilifungua tena Ayubu 1:21. Msemaji ni Ayubu mwenyewe, baada ya kupoteza watoto kumi kwa siku moja. Ni neno la mfiwa. Akilisema yeye, itikieni Amina. Asipolisema, nani amewatuma kumsemea?

4. Akilia, mwacheni alie. Yesu alijua anakwenda kumfufua Lazaro, na machozi yakamtoka.

5. Bahasha ya rambirambi mpeni mweka hazina wa msiba, msimshikishe mfiwa.

6. Rudini baada ya matanga. Turubai likishashushwa na viti vya kukodi vikirudishwa, nyumba hubaki na watu wawili watatu na sufuria kubwa mno kwao. Mimi huandika kwenye daftari la ziara: wiki ya pili, siku ya arobaini, mwaka. Kwa mjane wa Jumamosi naenda Jumanne ijayo saa kumi jioni, bila Biblia mkononi, na kilo mbili za sukari. Natafuta mmoja wenu wa kwenda naye, na ningependa awe yule yule aliyemkataza kulia.