Kaseti Inacheza Hata Baada ya Kuikaza

Msomaji mmoja ameuliza: amehamishia kaseti ya gia 10 (lile fungu la sproketi, yaani magurudumu ya meno ya nyuma ya baiskeli) kwenye gurudumu lililokuwa na gia 11, amekaza nati ya kuifungia mpaka ikagoma, na sproketi bado zinacheza, yaani hazijashika. Ndugu yangu, weka spana chini. Nati imegota kwenye frihabu kabla ya kuibana kaseti. Ukizidi kukaza utaua nyuzi za nati tu.

Frihabu ni ile ngoma yenye mifereji inayovalishwa kaseti. Ngoma ya Shimano ya gia 8, 9 na 10 ina urefu mmoja. Ile ya gia 11 za baiskeli za barabarani imeizidi kwa milimita 1.85, na pengo hilo lazima lizibwe kwa pete ya milimita 1.85, ikitangulia kuingia upande wa spoku. Kaseti nyingi za barabarani za gia 10 zinadai pia pete yao ya milimita 1, ambayo huja nazo kwenye boksi. Moja haishiki nafasi ya nyingine. Zinaingia zote mbili. Hiyo nyembamba ndiyo watu huitupa pamoja na karatasi za kufungia.

Kaseti ya gia 7 kwenye ngoma ya 8, 9 au 10 inataka pete ya milimita 4.5.

Kinyume chake hakuna pete itakayokuokoa: kaseti ya kawaida ya barabarani ya gia 11 haitoshei ngoma ya gia 10. Lakini usiamini idadi ya gia peke yake. Kaseti za milimani za gia 11 zenye meno 11 hadi 42 huingia, kwa kuwa sproketi kubwa imelala ndani kuelekea spoku. Ikiwa sproketi ndogo ina meno 10, sahau mifereji ya kawaida. Hiyo ni ya ngoma za aina nyingine, kama XD au Micro Spline. Na kama habu yako (kitovu cha gurudumu) ni ya friwili, yaani sproketi zenye ngoma yake ndani, ya kusokota kwenye nyuzi, kaseti haivai kabisa. Badili habu.

Kipimo chepesi kuliko vyote: vaa kaseti nzima bila nati, ibane kwa vidole, kisha itazame kwa ubavu. Sproketi ndogo itokeze kidogo kupita mwisho wa ngoma. Zikiwa sawasawa, au ngoma ikichungulia, pete imepungua. Kisha kaza kwa Nm 40 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), kiasi ambacho mara nyingi kimechongwa juu ya nati yenyewe. Ule mkwaruzo wa krr-krr mwishoni ni meno ya nati, usiuogope.

Usiendeshe na kaseti inayocheza, hasa ngoma ikiwa ya aluminiamu: sproketi hung'ata mifereji mpaka kuzing'oa inakuwa kazi ya nyundo.

Pete ikiongezwa, kaseti husogea nje. Rekebisha upya skrubu za kikomo cha gia, na uhakikishe mnyororo ukiwa kwenye sproketi ndogo hausugui fremu.