Kipimo cha pumzi: kwa nini niache dawa kwanza?

Swali: Nina maumivu ya tumbo ya muda mrefu, na daktari ameniagiza kipimo cha pumzi cha kutafuta bakteria wa vidonda vya tumbo. Nimeambiwa niache omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, wiki mbili kabla. Pumzi inaonyeshaje kilichomo tumboni, na je, kipimo hicho kinaweza kugundua saratani pia?

Jibu: Bakteria anayetafutwa, Helicobacter pylori, huishi katika ute unaofunika ukuta wa tumbo, na hujikinga na asidi kwa kimeng'enya kinachovunja yurea, kemikali iliyomo mwilini kiasili, kuwa amonia na hewa ukaa. Kipimo kinategemea tabia hiyo. Utapuliza kwanza ndani ya mfuko au kichupa, kisha utakunywa yurea yenye kaboni-13, aina ya kaboni iliyo nzito kidogo na isiyo na mionzi, na baada ya dakika 20 hadi 30 utapuliza tena. Bakteria wakiwapo, kaboni hiyo huingia katika damu ikiwa hewa ukaa, hufika mapafuni na kutoka na pumzi, nayo mashine hulinganisha sampuli hizo mbili.

Omeprazoli huwadhoofisha bakteria bila kuwamaliza, hivyo majibu yanaweza kusema hawapo ilhali wamo. Kwa antibiotiki muda wa kusubiri ni wiki 4. Nakusihi usilidharau agizo hilo. Maumivu yakikuzidia katika kipindi hicho, mweleze daktari akupe dawa nyingine ya kutuliza asidi.

Upulizaji wenyewe pia una namna yake. Katika pumzi ya kawaida ya mililita 500 hivi, takriban 150 za mwanzo ni hewa iliyobaki kwenye koo na mirija, ambayo haikukutana na damu. Ndiyo maana utaambiwa ubane pumzi kwa sekunde chache, kisha upulize hadi mwisho.

Kuhusu saratani, hapana: kipimo hiki husoma gesi moja tu, ambayo chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1971 mwanakemia Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba pumzi ya binadamu ina kemikali zipatazo 250, na tangu hapo ugumu umekuwa kutenganisha zinazotokana na ugonjwa na zile za chakula, tumbaku au hewa ya chumbani. Katika pumu tumefanikiwa, kwa sababu njia za hewa zenye uvimbe wa aina fulani hutoa oksidi ya nitriki kwa wingi, na kwa mtu mzima kiwango kinachozidi sehemu 50 kwa bilioni huhesabiwa kuwa cha juu. Saratani haina gesi moja ya namna hiyo, na utafiti bado unaendelea. Kwa hiyo, ukipungua uzito bila sababu, ukipata choo cheusi au ukiona shida kumeza, usitulizwe na majibu mazuri ya pumzi; mwambie daktari mapema, kwani hapo kinachohitajika ni kipimo cha kamera ya tumbo.