Shangazi wa Maleba: Watu 60, jeshi la maelfu

Barua za mwezi huu karibu zote zimeshika mikuki na bunduki. Nimechagua nne. Kwa mliojiunga nasi juzi: mimi ni fundi wa maleba, yaani mavazi ya waigizaji, cherehani yangu iko Kibuye, Kisumu, na nimewavalisha askari wa kila namna, wa mkoloni, wa Mjerumani, hata wa miaka elfu ijayo.

*Shangazi, pokea salamu kutoka Webuye. Mimi ni mwalimu mlezi wa klabu ya drama. Tunataka kupiga filamu fupi kuhusu vita vya Chetambe vya 1895, Babukusu walipokabiliana na jeshi la Waingereza kwenye ngome yao. Nina wanafunzi 60, kamera moja ya kukodi, na mwalimu mkuu anayeniuliza kila asubuhi jeshi nitalitoa wapi. Nitalitoa wapi?* Mwalimu, Webuye

Mwalimu wangu, mwambie mkuu kwamba jeshi analo, ila hajalipanga.

Wako waliopewa jeshi la kweli. Filamu ya Waterloo ya 1970 ilipigwa Ukraine enzi za Muungano wa Kisovieti, na serikali ikawatolea wanajeshi wake kama 15,000 wavae sare za Napoleon na za Waingereza. Wewe hutapewa hata skauti. Basi fuata njia ya wenzetu wajanja. Kwenye filamu ya Zulu, ya 1964, wale wapiganaji waliojaa kilimani kwa mbali wengine hawakuwa watu. Zilikuwa ngao na vilemba vilivyofungwa kwenye mbao ndefu, mtu mmoja akishika ubao anaonekana kikosi. Miaka zaidi ya 50 baadaye, na pesa zote walizokuwa nazo, watengenezaji wa Dunkirk (2017) waliwasimamisha ufuoni askari wa kadibodi wajaze nafasi nyuma ya watu halisi.

Hapo ndipo siri ilipo, Mwalimu. Jicho la mtazamaji linakagua watu wachache walio karibu na kamera, likiridhika nao linawaamini wote walio nyuma. Kwa hiyo gawa watu wako mafungu matatu. Kumi na wawili wa mbele wavae kila kitu sawasawa, kuanzia kichwani hadi vidoleni. Ishirini wa katikati wawe na ngao nzuri na vazi la juu tu. Waliobaki wajifunge chochote chenye rangi inayofanana, washike mbao zenye ngao tatu tatu, wakae mbali. Usibadilishe watu wa mbele kwa sababu ya undugu au ada ya klabu. Wa mbele ni wale wasioangalia kamera.

Ngao: omba makatoni makubwa ya friji kwa wauza vyombo. Gundisha tabaka mbili, mistari ya moja ikisimama na ya pili ikilala, la sivyo itakunjika jua likiwaka. Juu yake gundisha gunia, kisha upake udongo wa hapo hapo Webuye uliochanganywa na gundi ya mbao. Rangi ya dukani inang'aa mno kwenye kamera. Mipini ya mikuki ni miti ya mopu, na vichwa vyake vikatwe kwenye patipati zilizochakaa, vipakwe rangi ya fedha. Mtoto akianguka juu ya mwenzake, raba haitoboi mtu.

Siku ya kupiga, kamera ishuke karibu na nyasi. Ukiiweka juu, mapengo yote kati ya watu yanaonekana. Kama lenzi yako inavuta, rudi nyuma uvute, watu watabanana wenyewe pichani. Washa majani mabichi upepo ukielekea nyuma ya jeshi, moshi ufunike pale watu wanapoishia. Jambo la nne watu hulisahau: Babukusu wakishakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, wakimbie hivyo hivyo mpaka vita viishe, na adui atoke kulia. Ukichanganya, mtazamaji hatajua nani anamfukuza nani. Ukiwa na kijana anayejua kuhariri, kaza kamera isitikisike kabisa, piga picha watu 60 wakiwa kushoto, wahamishie katikati, kisha kulia, halafu aunganishe vipande vitatu. Tayari una 180.

Na usihangaike kutafuta Wazungu. Jeshi lile la Waingereza lilikuwa na maofisa wachache weupe, wapiganaji wengi wakiwa Wasudani, Waganda na majirani zenu Wawanga. Watoto wako wanaweza kuwa Babukusu asubuhi na maadui baadaye. Ila anzeni alfajiri, maana mvua ya kwenu ya alasiri mnaijua wenyewe, na udongo ukishalowa hautafanana tena na wa asubuhi.

Kabla ya hayo yote, nenda kwa wazee. Kuna familia zilizopoteza watu kwenye ngome ile, nao wana maneno yao kuhusu nani alivaa nini. Kisha ushughulikie leseni ya kurekodi ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu, na umjulishe chifu.

*Shangazi, sisi ni vijana wa Nakuru, tunapiga filamu ya vita vya kisasa. Mjomba wa mwenzetu ana bunduki yenye kibali na amekubali kutuazima kwa siku moja, bila risasi. Tumepata pia kombati safi mtumbani, za jeshi kabisa. Tuendelee?* Wanne wa Nakuru

Msiendelee. Mwambieni mjomba asante, aifungie kabatini. Kibali ni chake yeye, si cha kundi la filamu.

Hilo la "bila risasi" ndilo linaloua. Mwaka 1993 huko Marekani, mwigizaji Brandon Lee aliuawa na bunduki iliyotakiwa kuwa salama. Kipande cha risasi kilikuwa kimekwama ndani ya mtutu tangu onyesho la awali, na waliporusha risasi baridi, yaani ganda lenye baruti lisilo na kichwa, nguvu ya baruti ikakisukuma nje. Oktoba 2021, kwenye seti ya filamu iitwayo Rust kule New Mexico, mpiga picha mkuu Halyna Hutchins aliuawa na risasi ya kweli iliyokuwa ndani ya bunduki ya kuigizia. Hao walikuwa na mtu aliyeajiriwa kulinda silaha. Nyinyi mna mjomba.

Na msidhani risasi baridi ni mzaha. Hewa moto na chembe zinazotoka mtutuni zinaweza kuua mtu aliye karibu. Chongesheni bunduki za mbao kwa fundi wa jua kali, mzipake rangi nyeusi isiyong'aa. Mwali wa moto unawekwa baadaye kwenye kompyuta, na mlio vilevile. Kinachofanya bunduki ya uongo iaminike ni bega la mwigizaji: mfundisheni alirudishe nyuma kila anapofyatua, na apepese macho.

Kombati nazo zirudisheni, mchana, mkiwa mmezifunga vizuri. Sheria ya Kenya haimruhusu raia kuwa na sare za jeshi, na kujitetea kwamba mlikuwa mnaigiza mtajitetea mkiwa ndani. Zaidi ya hayo mko Nakuru, Gilgil na kambi zake si mbali. Huo mchezo msiuchezee hapo. Nunueni suruali za kazi za kijani kibichi au kahawia, mshone mifuko ya pembeni, mbuni nembo ya nchi isiyokuwepo. Na siku ya kazi OCS, mkuu wa kituo cha polisi, awe na barua yenu mapema, maana wananchi wakiona watu wenye mitutu kichakani hawatauliza kama ni sinema.

Sasa sikilizeni kazi yangu hasa. Nguo mpya hudanganya vibaya kuliko bunduki ya mbao. Fueni mara kadhaa bila kupiga pasi. Magoti, viwiko na ukingo wa kola visugueni kwa msasa mpaka uzi uonekane, kwa sababu hapo ndipo askari anapotambaa. Midomo ya mifuko ipakeni mafuta ya Vaseline kidogo, kisha mpulizie vumbi, maana mikono michafu huingia pale mara mia kwa siku. Chovyeni kwenye majani ya chai yaliyochemka, mkamue kwa kusokota, mwanike ikiwa imesokotwa hivyo hivyo. Mgongoni nyunyizeni maji yenye gliserini, jasho hilo halikauki hadi chakula cha mchana. Fanyeni hivyo kwa kila mtu peke yake, kwa sababu hakuna askari wawili wanaochakaa sawa. Mpishi wa kikosi hachakai magoti.

*Shangazi, nilikuwa ekstra, mwigizaji wa kujaza umati, kwenye filamu moja ya vita. Tulifika saa kumi na moja alfajiri, tukaanza kazi saa saba. Nimekufa mara nne siku hiyo hiyo, na kila mara naambiwa nipige kelele bila sauti. Hawa watu wako sawa?* Marehemu wa Kondele

Marehemu, pole na hongera. Kufa mara nne ni dalili kwamba unaanguka vizuri, mbovu huachwa afe mara moja. Walikubadilisha kofia katikati, sivyo? Ndivyo mtu mmoja anavyozikwa mara nne.

Kelele bila sauti ni kwa ajili ya maneno ya waigizaji wakuu, yarekodiwe safi. Mayowe yenu hurekodiwa pembeni. Na kusubiri ndiyo kazi yenyewe. Waliopiga filamu iitwayo 1917, iliyotoka 2019 na kuonekana kama imepigwa bila kukata, walikuwa wakisubiri wingu, maana jua likitoka kipande cha leo hakiungani na cha jana. Wakati huo ekstra wote wanakaa tu, wamevaa.

Ila kusubiri bila maji, bila kivuli na bila kujua malipo ni lini, hiyo si sanaa. Wakati mwingine uliza kabla ya kuvaa: siku inahesabiwa kuanzia saa ngapi, chakula kipo, na anayelipa ni nani kwa jina. Ukishavaa sare yao huna tena nguvu ya kuuliza, na mimi ndiye ninayewavisha, najua.

*Shangazi, mwanangu wa darasa la nane amepiga filamu ya vita kwa simu na wenzake sebuleni. Damu wametengeneza wenyewe, sasa iko kwenye shuka zangu mbili na pazia. Inatoka?* Mama wa Kakamega

Inategemea wapishi walitumia nini, dada yangu. Damu nzuri ni sukari iliyochemshwa ikawa nzito, rangi nyekundu ya chakula, na kakao kidogo ili isiwe nyekundu kama soda. Sukari inatoka kwa maji. Rangi ndiyo shida. Loweka kwa maji baridi na sabuni leo hii, usitie maji moto wala pasi kabla doa halijaisha, na Jiki iguse nyeupe tu. Pazia litaokoka. Shuka zikibaki na alama, mpe yeye azichane bendeji. Majeruhi wa filamu ijayo hawatakosekana, na wewe utakuwa umewaambia walipie shuka mpya.