Jibu: 3^(x+2) − 3^x = 216 inatatuliwaje kwenye GMAT (mtihani wa kuingia shule za biashara)?

Kosa la hesabu uliyonionyesha liko mwanzoni kabisa: kwenye 3^(x+2) − 3^x umetoa vipeo (zile namba za juu), yaani (x+2) − x, ukabaki na 3^2. Vipeo hutolewa pale unapogawanya, si pale unapotoa. Hapa kuna alama ya kutoa, kwa hiyo tafuta kinachofanana pande zote mbili za alama hiyo ukitoe nje ya mabano.

3^(x+2) ni 9 · 3^x. Basi:
3^x(9 − 1) = 216
8 · 3^x = 216
3^x = 27, yaani 3^3, kwa hiyo x = 3.

Hakiki: 243 − 27 = 216. Sawa kabisa.

Namba zenye vipeo zikijumlishwa au kutolewa namna hii, karibu kila mara njia ni hiyo ya mabano. Logi (logarithm) huhitaji, na kikokotoo huruhusiwi kwenye sehemu ile ya hesabu. Ukikuta vizio tofauti (namba za chini zinazobeba vipeo), mfano 8^(x+1) = 4^(2x−1), vigeuze vyote viwe 2: 3x + 3 = 4x − 2, x = 5.

Ila tafadhali uwe mwangalifu sana kizio kikiwa ndicho x. Kwenye x^5 = x^3 usikimbilie kusema 5 = 3, haina jibu. Hamishia upande mmoja: x^3(x^2 − 1) = 0. Majibu ni 0, 1 na −1. Wengi wanaojua hesabu vizuri hupoteza alama hapo, kwa haraka tu.