Vinundu kwenye majani ya mwembe

Ndugu wa Kisauni, vinundu unavyoviona kwenye majani ya mwembe wako, ambavyo unahofu kuwa ni ukungu, kwa maelezo yako ni kazi ya visubi, yaani nzi wadogo mno wenye urefu wa milimita 1 au 2. Jike hutaga mayai yake kwenye majani machanga tu, yale mekundu laini yanayochipuka baada ya mvua. Jani likishakomaa na kuwa gumu, halimfai tena. Buu anapoanguliwa hujipenyeza ndani ya jani na kuanza kula, na mti nao huitikia kwa kuotesha tishu nene kumzunguka, hata akawa na chumba na chakula mahali pamoja. Pasua kinundu kibichi kwa wembe na, macho yakiwa makali, utamwona amejikunja humo, wa rangi ya manjano iliyofifia. Humo humo hugeuka kuwa pupa, yaani hatua iliyo kati ya buu na nzi, kisha nzi hutoka kwa kitundu, mara nyingi akiacha ganda lake limening'inia mlangoni. Nzi mzima huishi siku chache tu. Kazi yake ni kupandana na kutaga, wala haumi embe lako.

Mwembe mkubwa kwa kawaida huvumilia, ila miche huumia. Kunyunyizia dawa vinundu vilivyokwisha kufunga naona ni kupoteza pesa, kwa sababu buu amejificha ndani, na dawa hiyo huua pia nyigu wadogo wanaomshambulia. Kata matawi yaliyoathirika sana, uyachome.